Kinywa Kikavu Baada ya Mionzi: Usikubali Kuambiwa "Vumilia"

Hotuba hii niliitoa Jumamosi katika ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi, mbele ya wagonjwa waliotibiwa kansa ya kichwa na shingo, jamaa zao, na wauguzi wa vituo vya afya. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Jambo yenu! Mama zangu, papa zangu, vijana, na ninyi wauguzi mliotoka Kamalondo, Kampemba na Rwashi, karibuni. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi.

Kabla sijaanza, kila aliye na chupa ya maji aiinue juu. Iinueni, msione haya. Sasa geukeni mtazame ukumbi. Karibu kila aliyepigwa mionzi ya shingo ana chupa. Anakunywa funda moja, anafunga, baada ya dakika mbili anafungua tena. Usiku chupa iko kando ya mto. Kanisani iko chini ya benchi. Kwenye matanga iko ndani ya mkoba. Nani aliwaambia kwamba hayo ndiyo maisha yenu yote yaliyobaki? Nani aliwaambia kwamba hakuna la kufanya?

Lipo la kufanya. Yapo hata kadhaa, na mojawapo ni sindano: akupancha, ile tiba ya sindano nyembamba iliyotoka China. Nitaieleza kama ilivyo, nguvu zake na mipaka yake, kwa sababu mtu aliyepita kwenye kansa ameshauziwa maneno matamu ya kutosha.

Mimi ni daktari wa meno. Watu wanakuja kwangu kwa ajili ya jino, si kwa ajili ya mate. Namwambia mgonjwa afungue mdomo, naingiza kioo kidogo, na kioo kinanata shavuni. Nakivuta, kinaachia kwa shida na ngozi ya ndani inakifuata. Kwetu sisi madaktari wa meno hiyo ni habari kamili. Hakuna mate mle.

Basi namwuliza: "Ulipigwa mionzi?" Ndiyo, Lusaka, kule Zambia. "Kinywa kimekauka tangu lini?" Tangu wiki ya pili ya matibabu. "Ulimwambia nani?"

Hapo ndipo mtu ananyamaza.

Ananyamaza kwa sababu aliwahi kusema, akajibiwa: "Umepona kansa, unalilia mate? Mshukuru Mungu, vumilia." Ndugu zangu, kumshukuru Mungu ni haki yake. Lakini shukrani haikatazi mtu kusema anapoumia. Aliyetoka kaburini akiwa na mguu uliovunjika bado anahitaji kufungwa mguu.

Niwape habari ya mama mmoja wa mitaa hii ya kwetu. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza katika kwaya. Akapata kansa nyuma ya pua. Familia ikauza kiwanja, akavuka mpaka Kasumbalesa, akatibiwa Lusaka, akarudi uvimbe umekwisha. Wakachinja mbuzi. Siku ile ile ya furaha alikaa mbele ya bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo, akafinyanga tonge, akalitia mdomoni. Tonge likagoma. Likashika kwenye paa la kinywa, halishuki wala halitoki. Akalikwangua kwa kidole, akalificha ndani ya leso.

Shemeji yake alimwona. Kesho yake maneno yakaanza: huyu amerudi na maringo ya Zambia, chakula chetu kimekuwa kibaya. Wengine wakasema lililo baya zaidi, kwamba anaogopa tutamwekea kitu. Akaacha kula mbele za watu. Akaacha kwaya, kwa sababu katikati ya ubeti ulimi ulikuwa unashika kwenye meno na sauti inakatika. Akaacha simu ndefu na dada zake. Usiku alikuwa anaamka mara kwa mara kunywa maji, halafu anaamka tena kwenda chooni, kwa sababu maji hayo lazima yatoke. Miezi mingi namna hiyo. Na alipokuja kwangu hakusema lolote kati ya hayo. Alikuja kwa jino.

Mnaniuliza kwa nini nimeanza na mama huyu badala ya kuanza na sindano? Kwa sababu sindano haimsaidii mtu aliyenyamaza. Dawa haimsaidii. Hakuna kinachomsaidia mpaka aseme: kinywa changu kimekauka, sili, silali, siimbi.

Tuko pamoja? Haya.

Wekeni vidole viwili hapa, mbele ya sikio, mshuke hadi kwenye kona ya taya. Chini ya vidole vyenu kuna tezi kubwa kuliko zote za mate. Ndiyo inayomwaga mate mepesi mnapotafuna. Chini ya taya kuna jozi nyingine. Hiyo hulowesha kinywa mkiwa mmetulia, hata mkiwa mmelala. Ikipigwa hiyo, usiku unakuwa mrefu. Chini ya ulimi kuna jozi ya tatu, na ndani ya midomo na mashavu kuna vitezi vidogo kwa mamia. Zote kwa pamoja, kwa mtu mzima mwenye afya, hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku.

Na mate hayo si maji matupu. Yana kalisi na fosfeti za kutengeneza tena ganda la jino linapoanza kulika. Yana kitu kinachozima ukali wa asidi, yana kinga dhidi ya vijidudu, yana ute unaolifanya tonge liteleze. Ndiyo maana chupa yenu haiwatoshi. Maji yanalowesha na kupita, na palipolowa panakauka tena.

Sasa mionzi. Kansa ya kichwa na shingo kwa kawaida hupewa grei 60 hadi 70 (grei ni kipimo cha mionzi), kidogo kidogo, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 au 7. Tezi ile mliyoigusa, ikipokea wastani wa zaidi ya grei 26 hivi, hairudii hali yake kwa urahisi. Mmeona hesabu? Daktari analenga kansa, lakini tezi imekaa njiani. Wiki ya kwanza haijaisha mate yameshapungua kwa kama nusu. Yanayobaki ni mazito, ya kunata, ya kuvutika. Wengine hupata nafuu kadiri miezi inavyokwenda, wengine hubaki hivyo miaka.

Si kwamba hukusali vya kutosha. Si kwamba shangazi amekuroga. Ni tezi, zimepigwa mionzi, basi.

Dawa ya vidonge ipo. Inaitwa pilokapini, asili yake ni majani ya mmea wa Brazili uitwao jaborandi, na Marekani iliiruhusu kwa ajili ya ukavu huu mwaka 1994. Inaamsha tezi zilizobaki. Lakini inaamsha na tezi za jasho: mtu anakaa anatiririka jasho, anakwenda haja ndogo kila saa. Mwenye pumu isiyotulia haifai kwake, na wenye aina fulani ya presha ya macho vilevile. Nasema haya ili mjue kwa nini wataalamu walitafuta njia nyingine.

Wakafika kwenye sindano.

Nikisema sindano, wengi mnaona ile ya kuchomwa dawa. Hii haina dawa na haina tundu. Ni uzi wa chuma, unene wake robo ya milimita au pungufu. Mtaalamu anauweka chini kidogo ya ngozi na kuuacha. Wapi? Kwenye kile kishimo kilicho chini ya mdomo wa chini. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Upande wa ndani wa kifundo cha mguu. Na kwenye sikio. Mtu anakaa kama dakika 20, ametulia. Kuna wanaompa na pipi isiyo na sukari aizungushe ulimini wakati huo. Angalieni vizuri: hakuna hata sindano moja kati ya hizo inayoingia kwenye tezi ya mate.

Papa mmoja aliniuliza, na swali lake ni la haki: "Daktari, mguu na mate vinahusiana wapi?" Nami nilipoanza kusoma habari hizi nilikuwa na swali hilohilo. Mwaka 2008, watafiti wa New York waliwachukua watu 20 wazima, wakawaweka kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, wakawachoma sindano kwenye kidole cha shahada. Sindano ya kweli iliamsha sehemu za ubongo ambazo ile ya uongo haikuziamsha, na mate yakaongezeka. Huko Uswidi, katika miaka ya 1990, walipima mzunguko wa damu kwenye ngozi iliyo juu ya tezi, wakaona damu inaongezeka baada ya sindano. Kwa hiyo njia inapita kwenye neva na kwenye damu. Kutokwa mate kunaongozwa na neva. Ndiyo maana ukisikia harufu ya samaki wa kuchoma mate yanakujaa hata kabla hujaonja.

Lakini msikie na hili. Kisima kilichofukiwa kwa udongo hakichoteki, hata ulete kamba ya namna gani. Kisima ambacho kamba yake tu imekatika, maji yangali chini. Sindano ni kamba. Sehemu ya tezi iliyokufa kabisa haitafufuka. Sehemu iliyobaki hai, iliyolegea, ndiyo inayoweza kuitikia. Atakayewaambia kwamba sindano inaotesha tezi mpya, mwacheni aende zake.

Sasa, ushahidi. Hapa naomba uvumilivu wenu, maana hapa ndipo penye utamu.

Uingereza, hospitali 7 za kansa ziliwakusanya wagonjwa 145 wenye kinywa kikavu cha muda mrefu. Hawakuwachoma mmoja mmoja kwenye chumba cha bei ghali. Waliwakalisha kwa vikundi, viti vikiwa pamoja, mara moja kwa wiki kwa wiki 8, dakika 20 kila mara. Kipindi kingine, watu walewale walipewa mafunzo ya kutunza kinywa. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Walipopima mate kwa vipande vya karatasi, karatasi haikuonyesha tofauti. Mate yaleyale. Lakini walipowauliza wagonjwa wenyewe, walijibu kwamba mate hayanati kama mwanzo, midomo haikauki sana, haja ya kusukumia chakula kwa maji imepungua, na usiku hawaamki kunywa kama zamani.

Nani ana haki hapo, karatasi au mgonjwa?

Najua wenzangu wa maabara watasema karatasi. Mimi nasema mgonjwa. Yule mama wa kwaya hakuja duniani ili ajaze karatasi mate. Anataka kumeza tonge mbele ya shemeji yake. Anataka kulala. Kama tonge linashuka na usingizi umerudi, ugonjwa umepungua, hata kama karatasi haijaona. Siwaambii tudharau vipimo. Nawaambia kwamba katika ugonjwa huu kipimo cha kwanza ni sahani, na cha pili ni kitanda.

Habari ya pili ni ya mwaka 2019, na ni kubwa zaidi. Wagonjwa 399, sehemu mbili: Houston huko Marekani, na Shanghai huko China. Hawa hawakungoja kinywa kikauke. Walichomwa sindano wakati uleule wa mionzi, mara 3 kwa wiki, kwa wiki zote 6 au 7. Kundi moja lilipata sindano za kweli. Kundi la pili lilipata za kuigiza, zilizowekwa mahali pasipohusika. Kundi la tatu halikupata sindano. Mwaka mmoja baadaye, katika kila watu 100 wa kundi lisilo na sindano, 55 walikuwa na ukavu wa kusumbua kweli. Katika kundi la kuigiza, 48. Katika kundi la sindano za kweli, 35.

Toka 55 hadi 35. Watu 20 katika kila 100. Hao 20 ni watu wanaokula bukari yao bila aibu.

Je, nikomee hapo niwaache mpige makofi? Hapana, maana kuna sehemu ya habari hiyo ambayo wauza tiba huificha. Walipotenganisha miji miwili, Shanghai ilionyesha wazi kwamba sindano za kweli zinashinda za kuigiza. Houston, za kweli na za kuigiza zilisaidia karibu sawa. Kwa nini? Inawezekana kuchomwa popote kunagusa neva kwa kiasi fulani. Inawezekana matumaini ya mgonjwa na mikono ya mtu anayemshughulikia mara 3 kwa wiki vinafanya kazi yake. Wataalamu bado wanabishana, na mgonjwa ana haki ya kujua kwamba wanabishana. Lakini katika mji wowote kati ya hiyo miwili, waliochomwa sindano za kweli hawakuwa na hali mbaya kuliko walioachwa bila sindano.

Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine wa Marekani, wagonjwa 258 waliomaliza mionzi tangu mwaka mmoja au zaidi, ambao ukavu wao ulikuwa umeshazoeleka. Sindano mara 2 kwa wiki, kwa wiki 4. Waliopata sindano za kweli walisumbuliwa na ukavu kidogo kuliko waliopewa utunzaji wa kawaida wa kinywa. Kwa hiyo wewe uliyetibiwa zamani usiseme muda wako umepita.

Na mwaka 2021 vyama vikubwa vya wataalamu wa kansa, pamoja na ASCO ya Marekani, viliandika katika mwongozo wao kwamba akupancha inaweza kutolewa kwa wagonjwa hawa, wakati wa mionzi na hata baadaye. Hawakusema ni lazima. Walisema inaweza kutolewa. Mtu akikuambia "hayo ni mambo ya uchawi wa Wachina," mjibu kwa heshima kwamba madaktari wa mionzi wenyewe wameyaandika.

Sasa niwageukie wale ambao mmeanza kunong'ona, "Kwani sisi tuna mganga wetu anayechanja."

Sikilizeni. Kijana mmoja mchimbaji alirudi kutoka mionzi, kinywa kikavu. Jamaa wakampeleka kwa mtu anayechanja kwa wembe. Akachanjwa chini ya taya, pande zote mbili, mahali palepale mionzi ilipopita, akasuguliwa unga mweusi. Nilimwona baadaye. Ngozi iliyopigwa mionzi haina damu ya kutosha kujiponya. Vidonda vilikaa wazi miezi. Nilikuwa naogopa kila siku kwamba nitaona mfupa. Kijana hakuwa mjinga, na jamaa zake walimpenda. Hakuna aliyekuwa amewaeleza tofauti.

Tofauti ni hizi. Sindano ya akupancha haichani, na hakuna kinachosuguliwa ndani. Inatoka kwenye pakiti iliyofungwa, inafunguliwa mbele ya macho yako, inatumika kwako peke yako, inatupwa. Mtu akikutolea sindano kutoka kwenye sahani, au akasema ameichemsha, simama utoke. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini haviulizi kama sindano ni ya Kichina au ya Kizungu. Mtaalamu mwema hachomi ngozi iliyoungua na mionzi, wala shingo iliyovimba maji. Na atakuuliza kwanza: unapata kemia, zile dawa kali za kansa, pamoja na mionzi? Damu yako ilipimwa lini? Unakunywa dawa ya kuyeyusha damu? Chembe za kugandisha damu zikiwa chini, au chembe nyeupe zikiwa chini, sindano zinangoja. Asiyeuliza hayo hafai kukugusa.

Jambo jingine nalisema kwa sauti kubwa: sindano haitibu kansa. Haitibu. Atakayekuambia uache mionzi aje akuchome sindano, anakuua. Sindano inakaa kando ya mionzi, haikai mahali pake.

Hapo mtaniuliza: tutaipata wapi? Hapa Lubumbashi wenye ujuzi wa kweli ni wachache, na sitataja jina la mtu nisiyemjua kazi yake. Lakini China imekuwa ikituma madaktari wake Afrika tangu mwaka 1963, walipokwenda Algeria, na Zambia imewapokea tangu 1978. Mara nyingi katika vikosi hivyo huwa kuna mtaalamu wa sindano. Kwa hiyo mkiwa Lusaka, ulizeni. Kuuliza hakugharimu franka hata moja. Mwulizeni daktari wenu wa mionzi kwanza, halafu ulizeni hospitali.

Pia kuna njia isiyo na sindano. Wataalamu wetu wa kinesi, wale wa tiba ya viungo, wana vile vimashine vya umeme mdogo, vya kubandika kwenye ngozi, wanavyotumia kwa maumivu ya mgongo. Mwaka 2015 ulitoka utafiti ambapo umeme huo ulipitishwa kwenye baadhi ya vituo hivyohivyo vya akupancha, ukalinganishwa na pilokapini. Nafuu ilikaribiana, na madhara yalikuwa machache kwa wale wa umeme. Mashine tunazo tayari! Kinachokosekana ni mtu wa kujifunza ziwekwe wapi.

Nawageukia ninyi wauguzi. Kule Uganda kuna wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini waliofundishwa sindano, na wanazitumia kazini. Hawakungoja profesa. Na kumbukeni wale Waingereza: watu walikaa kwa vikundi, viti pamoja, dakika 20. Ukumbi huu ungetosha. Hivi hatuwezi kupata wauguzi watatu wa mji huu wakafundishwa vizuri, na daktari wa kuwasimamia? Mimi naamini tunaweza, na nitaendelea kugonga milango mpaka mmoja ufunguliwe.

Mkiwa mnangoja milango hiyo, kuna ya nyumbani, nayapitia haraka kwa sababu karatasi ya maelezo mnayo mkononi. Sukutueni kwa kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kidogo cha magadi ya kuokea, ndani ya lita moja ya maji, mara kadhaa kwa siku. Bukari ilainishwe, mchuzi uwe mwingi. Sombe ya karanga inateremka vizuri kuliko samaki mkavu. Pilipili, ndimu na pombe viacheni, lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, zaidi ya vyote. Dawa ya meno yenye floridi asubuhi na usiku, bila kukosa hata siku moja. Pipi za sukari za kutafutia mate msiziguse. Papa mmoja aliyestaafu Gécamines, kampuni ya migodi, alikuwa anamumunya pipi za mnanaa mchana kutwa ili kinywa kilowe. Katika mwaka mmoja meno yake ya mbele yalikatika usawa wa fizi, moja baada ya jingine. Bila mate, sukari haina wa kuizuia.

Nanyi ambao bado hamjaanza mionzi, ninyi ndio wenye bahati kubwa humu ndani. Ulizeni kama mahali mnapokwenda wana mashine inayoweza kukwepa tezi. Uingereza, mwaka 2011, walilinganisha mionzi ya zamani na ile mpya inayokunjwa kufuata umbo la uvimbe: ukavu mkubwa baada ya mwaka ulikuwa asilimia 74 kwa ya zamani na 38 kwa mpya. Si kila hospitali inayo, na si kila uvimbe unaruhusu, lakini swali liulizwe. Na jino bovu ling'olewe kabla, angalau wiki mbili mbele, tatu zikiwezekana, ili fizi ifunge. Ukishapigwa mionzi, kung'oa jino la taya la chini kunaweza kuufungua mfupa usiopona, na hatari hiyo haiishi baada ya mwaka wala baada ya miaka kumi. Daktari wa meno yeyote atakayekushika baadaye lazima umwambie: taya hili lilipigwa mionzi.

Yule mama wa kwaya? Alipata sindano kwa wiki kadhaa akiwa Lusaka kwa kliniki yake ya ufuatiliaji. Mate yake hayajarudi kama ya zamani na bado anatembea na chupa. Lakini sasa anaamka mara moja usiku, na bukari anakula ikiwa na mchuzi, mezani, pamoja na wengine. Kwaya amerudi sauti ya pili, kwa nyimbo fupi. Ameniruhusu niseme hayo.

Maswali tutayachukua hapa mbele. Ila wote wenye tarehe ya kwenda Lusaka mwezi huu, msitoke. Kaeni upande wa kushoto, karibu na dirisha. Nimekuja na taa na kioo, nitaangalia kinywa cha kila mmoja sasa hivi, na kila mmoja ataondoka na barua ya kumpa daktari wake wa mionzi. Ndani yake nitamwomba mambo mawili: aangalie kama kuna tezi inayoweza kuokolewa, na atuambie mwisho wa kung'oa meno ni tarehe gani. Wauguzi, nisaidieni kupanga foleni, wazee waanze.